Jeloze ya labo zetu inazaliwa kwenye mawimbi

Stajeri mmoja, mwanafunzi aliyekuja kujifunza kazi, aliinua sahani ya Petri kuelekea dirishani, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kulisikia kwa miaka yote niliyofanya kazi labo. Sahani ilikuwa na jeli ya kijani, na juu yake palikuwa na vidoa vya njano, laini, vyenye kung'aa. Mtu aliyezoea kazi hiyo akiona njano ile juu ya kijani kile moyo humpasuka, maana huenda ni vijidudu vya kipindupindu, au kolera kama tunavyosema hapa Goma. Yeye hakuuliza habari za vidoa. Aliuliza, "Mwalimu, hii jeloze yenyewe inatoka wapi?" Mwenzangu aliyekuwa akiandika rejista alimjibu bila kuinua kichwa kwamba inatoka kwenye katoni.

Jibu lile lilinikaa moyoni kwa wiki kadhaa. Karibu sote tungelijibu vivyo hivyo, mimi nikiwemo. Jeloze ni neno tulilolipata kwenye Kifaransa cha shule. Watu wa labo wa nchi nyingine huiita agari. Ni utomvu wa mwani mwekundu. Na agari safi, ile inayofaa kazi ya bakteria, hutoka hasa kwenye mwani wa jamii ya Gelidium, unaoota juu ya miamba ya bahari ambako mawimbi hayana kizuizi. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kati ya ziwa na volkano, na bado kila sahani tunayomwaga ili kumtafuta mdudu wa kolera ina kipande cha mwamba huo ndani yake. Ninaandika kwa sababu naona hatari katika kutolijua hilo. Kitu usichojua kinakotoka hukiwekei akiba.

Miamba kwetu si habari ngeni. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipasua mji katikati ikafika hadi ziwani, na ukishuka leo kuelekea Kituku unakanyaga mawe meusi makali hadi ukingoni mwa maji. Akina mama wanafua hapo, watoto wanachota, mabidoni ya njano yanapangwa kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma. Juu ya mawe yaliyozama kuna utelezi wa kijani, huo tu. Ziwa letu hupandwa na upepo mchana, wakati mwingine kwa ghadhabu ya kuzamisha mtumbwi, lakini halijai wala halipwi. Kiswahili cha pwani kina maneno ambayo sisi huku hatukuyahitaji: bamvua, siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana, maji mafu, siku ambazo haisogei mno. Ili kuuelewa mwani mwekundu inabidi kuyaazima maneno hayo, kwa sababu maisha yake yamepangwa na kujaa na kupwa.

Chukua rasi yoyote ya mawe inayotazama bahari kuu. Maji yakipwa, mwamba unabaki uchi juani kwa saa kadhaa. Kilichoota pale kinakauka, kinachomwa, kikinyeshewa kinaoshwa na maji baridi yasiyo na chumvi. Kisha maji yanarudi, na yanarudi kwa kupiga. Kwenye miamba iliyo wazi, maji ya wimbi linalovunjika hupita kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde na zaidi. Kasi hiyo kwa upepo ni upepo wa kawaida tu wa mvua kubwa. Lakini maji ni mazito kuliko hewa zaidi ya mara 800, kwa hiyo msukumo wake unalingana na ule ambao upepo ungeutoa kama ungevuma kwa zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa. Hakuna mgomba wa Masisi ambao ungesimama dakika moja. Mwani unasimama hapo kutwa kucha, mawimbi maelfu kwa siku, mwaka hadi mwaka.

Kwenye ghuba tulivu za Atlantiki ya kaskazini, mwamba hufunikwa na mwani wa kahawia, mirefu, minene kama mikanda ya ngozi. Ukitoka ghubani ukaelekea rasini, ile mikanda inapungua, inakuwa mifupi, mwisho inatoweka. Nafasi yake inachukuliwa na kome walioshikamana na jiwe, na katikati yao mwani mwekundu. Juu kabisa kuna Porphyra, mwembamba kama karatasi ya nailoni, ambao hukauka hadi unavunjika mkononi na bado hufufuka maji yakirudi. Chini yake kuna Mastocarpus na Chondrus, mimea miwili inayofanana hadi wanafunzi huichanganya, lakini mahali mawimbi yanapozidi ukali Mastocarpus ndiye anayebaki. Chini zaidi kuna Corallina, mwani wa waridi wenye pingili za chokaa, na jamaa zake waliolala juu ya jiwe kama rangi iliyopakwa. Kwenye pwani zenye joto kiasi, kama Ureno, Uhispania ya kaskazini na Moroko, ukingo wa chini kabisa wa maji kupwa na mita kadhaa ndani ya maji ndiko nyumbani kwa Gelidium.

Kwa nini wekundu ndio wanaobaki? Sehemu ya jibu ni umbo. Ni wafupi, wanainama pamoja na maji badala ya kuyapinga, na wanaota wamesongamana hivi kwamba mmoja anamkinga mwenzake. Wale wa chokaa wangevunjika kama vijiti vya chaki wasingekuwa na viungo laini kati ya pingili na pingili. Mwaka 2009 watafiti walitangaza kwamba ndani ya viungo vya mmoja wao, Calliarthron wa pwani ya magharibi ya Marekani, wamekuta lignini, ile kemikali inayoufanya mti wa nchi kavu uwe mbao. Hakuna aliyetarajia kuikuta baharini. Sehemu nyingine ya jibu ni kwamba wimbi lenyewe linawasaidia. Linaleta chakula kipya kila sekunde, linawazuia konokono kulisha kwa raha, na linapowang'oa kome linaacha jiwe tupu ambapo mbegu za mwani hupata pa kushika.

Na hapa kuna jambo linalonishangaza kila nikilifikiria. Mwani mwekundu ni kati ya viumbe vya kale kabisa vinavyozaliana kwa dume na jike. Kisukuku kimoja cha Kanada, Bangiomorpha, kina umri wa takriban miaka bilioni moja. Hata hivyo mbegu zake za kiume hazina mkia. Haziwezi kuogelea. Kwa muda mrefu tuliambiwa zinabebwa na maji tu, ovyo, na mwani hufidia bahati mbaya hiyo kwa kuzalisha maelfu ya mbegu kutoka kwenye kila mkutano mmoja uliofanikiwa. Mwaka 2022 watafiti wa Roscoff, Ufaransa, walionyesha kwamba viumbe vidogo vya baharini vyenye magamba, vinavyotembea juu ya mwani wa Gracilaria vikilisha, huzibeba mbegu hizo miilini kutoka kwa dume hadi kwa jike, kama nyuki wetu wanavyofanya kwenye maua ya maharage. Mwamba unaoonekana kuwa ni mapigo na povu tu una kazi za namna hiyo zinazoendelea chini yake.

Sehemu ya tatu ya jibu ndiyo inayotuhusu. Kuta za chembechembe za mwani mwekundu zimejazwa jeli. Kwa aina fulani jeli hiyo ni karaginani, kwa nyingine ni agari. Ndiyo inayoupa mwani ule unyumbukaji wa mpira wimbi linapoupinda, na ndiyo inayoshika maji jua linapouchoma wakati wa kupwa. Kilichomsaidia mmea kuvumilia mwamba ndicho tunachokichemsha, tukakichuja, tukakikausha kuwa unga mweupe, tukakiweka kwenye kopo lenye lebo.

Aliyekileta labo hakuwa na cheo chochote cha labo. Fanny Hesse, mzaliwa wa New York aliyeolewa Ujerumani, alikuwa akimsaidia mumewe Walther, daktari, katika utafiti wake. Mwaka 1881 mume alikuwa akihangaika: jelatini aliyotumia kukuzia bakteria ilikuwa ikiyeyuka wakati wa joto, na bakteria wengine walikuwa wakiila. Akamuuliza mkewe kwa nini jeli za matunda anazopika haziyeyuki. Mama Fanny alitumia agari. Aliijua kupitia watu waliowahi kuishi Java, ambako wapishi huitumia kuhimili joto. Robert Koch akaitaja agari katika maandishi yake ya 1882 kuhusu mdudu wa kifua kikuu, wala hakulitaja jina la mwanamke huyo. Agari huyeyuka ikikaribia kuchemka, huganda karibu na nyuzi 35, na ikishaganda hukaa hivyo kwenye joto la mwili wa mtu, ambalo ndilo wadudu wetu wa magonjwa wanalitaka. Bakteria wachache sana wanaweza kuila. Miaka zaidi ya 140 imepita na bado hatujapata kitu kinachoishinda kwa kazi hiyo ya kila siku.

Wapo watakaosema zama za sahani zimepita. Kuna kipimo cha haraka, kijiti kinachochovywa kwenye kinyesi na kutoa jibu ndani ya dakika chache. Kuna PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya mdudu. Mji wetu umebahatika kuwa na labo ya INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, yenye mashine ambazo miaka ishirini iliyopita tulikuwa tukiziona vitabuni tu. Nayaheshimu yote hayo. Kijiti kinafaa sana kupiga kengele ya hatari kambini au mtaani. Lakini kijiti hakisemi ni dawa gani itamuua mdudu uliyemkuta, wala kipimo cha kawaida cha PCR hakisemi. Kulijua hilo lazima umkuze mdudu akiwa hai, umtandaze juu ya jeloze, umwekee vidonge vya karatasi vyenye dawa, ulale, uamke, upime kwa rula duara la pale aliposhindwa kuota. Hiyo ndiyo antibiogramu, na bila agari haipo.

Goma ina sababu kuliko mji mwingine wowote ya kulikumbuka hilo. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia hapa ndani ya siku chache. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka barabara, na nakumbuka wazee wakisema lava haichimbiki, kaburi haliingii. Ndani ya mwezi mmoja walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa kuhara: kolera kwanza, kisha kuhara damu. Kilichowaokoa waliookolewa kilikuwa kwanza kabisa maji safi na maji ya chumvi na sukari, na hilo lisisahaulike hata siku moja. Lakini labo zilipowakuza wadudu wale, ilionekana kwamba kolera ile ilikuwa imeshazoea tetrasiklini na doksisiklini, dawa ambazo kila mtu angezishika bila kufikiri. Mdudu wa kuhara damu, Shigella dysenteriae aina ya 1, naye alikuwa sugu kwa dawa nyingi za kawaida. Habari hiyo, inayobadilisha nini kifunguliwe ghalani na nini kiachwe, ilisomwa juu ya jeloze. Kolera haijatuacha tangu hapo. Mwishoni mwa 2022 ilizuka tena Kanyaruchinya, kati ya watu waliokimbia vita, na sahani zikahitajika tena.

Agari imo hata pale tusipoiona. Kile kichupa cha Cary-Blair tunachochovyea kijiti cha pamba ili sampuli ifike ikiwa hai kutoka Minova au Kirotshe kina agari kidogo, ndiyo inayofanya kile kioevu kuwa kizito. Ile jeli ya kijani ya TCBS, inayombagua mdudu wa kolera na wenzake, ina gramu 14 au 15 kwa lita. Na TCBS ina fadhila moja kubwa kwa mji ambao umeme hukatika: haihitaji otoklavu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, huchemshwa tu sufuriani kwa uangalifu ikamwagwa. Nimeiona ikichemshwa juu ya makaa, ikafaulu.

Sasa twende kwenye udhaifu wa mnyororo huu, maana ndiko hofu yangu iliko. Gelidium hukua polepole. Majaribio ya kumlima ni mengi lakini hadi leo sehemu kubwa ya anayetumika huvunwa kwenye miamba yake ya asili: wapiga mbizi wanaomng'oa au kumkata, na watu wa pwani wanaookota aliyetupwa ufukweni na dhoruba. Gracilaria hulimwa kwa wingi Asia na Chile na hutoa agari nyingi ya vyakula, lakini agari yake kwa kawaida huganda kwenye joto la juu zaidi, jambo linalosumbua pale unapotaka kuchanganya damu au vitu vingine visivyovumilia moto. Ndiyo maana labo za dunia zinarudi kwa Gelidium, na ndiyo maana mwamba wa nchi moja ukitikisika, wote tunasikia.

Ulishatikisika mara mbili. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Japani ndiyo iliyouza karibu agari yote. Vita vilipokata njia, Marekani mwaka 1942 ilizuia agari iliyobaki isitumike ovyo ili ibaki kwa labo, Uingereza ikapeleka watu kuchuma mwani kwenye miamba ya Uskoti, na New Zealand ikaomba Wamaori na watu wengine wa pwani wauokote, kiwanda kikajengwa Christchurch. Nchi hizo zilikuwa na pwani zao za kukimbilia. Mara ya pili ni karibu zaidi. Moroko, ambayo kwa sasa ndiyo mvunaji mkubwa wa Gelidium, iliona miamba yake inachunwa kupita kiasi, ikaweka viwango kuanzia 2010: tani 6,000 kwa mwaka, na kati ya hizo tani 1,200 tu za kuuzwa nje zikiwa ghafi. Nasema walifanya vizuri, mwamba uliochunwa haumfaidishi mtu. Lakini mwishoni mwa 2015 bei ya jumla ilifika dola 35 hadi 45 kwa kilo, karibu mara tatu ya ya awali, na labo za Ulaya na Marekani zenye fedha zikaanza kulalamika.

Labo tajiri ikilalamika, yetu imeshakaa kimya zamani. Miaka kadhaa iliyopita, mahali ambapo sitapataja, tulimaliza kopo la mwisho katikati ya msimu wa mvua. Mradi uliokuwa ukituletea ulikuwa umefika mwisho wake, na mradi mwingine ulikuwa bado haujatiwa sahihi. Kwa wiki tano tulipokea sampuli, tukaziweka kwenye maji ya peptoni, yaani maji yenye lishe ya wadudu, tukazitazama kwa darubini, tukaandika "inashukiwa". Hatukuweza kumwambia daktari hata mmoja dawa gani inafanya kazi. Na Januari 2025, uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa, kila mtu mjini alifanya hesabu ya unga wa ugali, mafuta na dawa. Sikumsikia mtu akihesabu jeloze.

Rafiki zangu wakisikia haya hunielekeza Zanzibar. Kule akina mama wamelima mwani tangu 1989, si tuununue kwao kwa Kiswahili chetu? Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Mwani unaolimwa Paje na Jambiani ni wa aina za Eucheuma na Kappaphycus, unafungwa kwenye kamba katika maji ya kina kifupi nyuma ya mwamba wa matumbawe, mahali wimbi limeshachoka. Ni mwekundu kwa ukoo, lakini unatoa karaginani, ambayo huingia kwenye dawa ya meno na maziwa ya mtindi, wala haiwezi kuchukua nafasi ya agari sahanini. Akina mama wale wana shida zao kubwa, bahari ikipata joto mwani wao unakufa, na wanastahili makala yao. Gracilaria ipo pia kwenye pwani ya Afrika Mashariki, na pengine siku moja vyuo vya huku na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar vitaifanyia kazi pamoja. Hiyo ni kazi ya miaka. Mimi nina haraka.

Haraka yangu ni hii. Agari inayoingia mkoani isiendelee kuja kama mkia wa miradi ya watu wengine. Wakuu wa afya wa mikoa hii miwili ya Kivu waiweke kwenye orodha ya akiba, pamoja na serumu na klorini, na akiba hiyo iwe ya miezi sita isiyoguswa. Unga mkavu uliofungwa vizuri hukaa miaka. Adui wake ni unyevu, na mtu yeyote wa Goma anajua chumvi inavyofanya uvimbe mwezi wa Novemba, kwa hiyo kopo lenye mfuniko wa mpira na kabati lisilogusa ukuta. Ununuliwe pamoja kwa ajili ya Goma na Bukavu ili bei ipungue. Na wanafunzi wetu wa biolojia, wa UNIGOM, chuo kikuu cha Goma, na wa ISP, chuo cha ualimu, wanaojifunza samaki wa ziwa kwa bidii, wafundishwe pia mwani wa mwambani. Kongo ina kipande cha pwani pale Muanda, ni yetu, na hata ingekuwa hatuna, kila antibiogramu ingebaki kuwa somo la bahari.

Yule stajeri alirudi baada ya kumaliza mitihani yake, na safari hii alikuwa amekuja na karatasi. Alikuwa amepiga hesabu mwenyewe. Lita moja ya jeloze inahitaji gramu 15 hadi 17 za agari na inajaza sahani 40 au zaidi. Kilo moja, basi, ni sahani zaidi ya 2,300. Kilo tano ni zaidi ya 11,000. Nikamwambia aende ghalani apime kilo tano za unga zinachukua nafasi gani. Alirudi akasema hazijazi bidoni moja ya njano, ile ya lita 20, ambayo mama yake huchotea maji Kituku.